Sura ya Saba: Shehena ya Barafu

Mwezi Agosti 1986, kituo cha utafiti cha Wasovieti huko Antaktika kilianza safari ambayo hakuna aliyeiamuru. Kituo hicho, Druzhnaya 1, kilijengwa juu ya bamba la barafu la Filchner, kusini kabisa mwa Bahari ya Weddell. Bamba la namna hiyo limeshikamana na bara kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili linaelea baharini. Ufa ulipita nyuma ya kituo, bamba likakatika, na majengo ya Wasovieti yakajikuta yapo juu ya kisiwa. Mwaka uliofuata walituma msafara kwenda kuchukua vifaa vyao. Kisiwa wakakiacha.

Kisiwa hicho ndicho siwa barafu linaloitwa A23a. Jina kavu, lakini limepangwa: herufi ya kwanza inataja robo ya Antaktika lilikoonekana kwanza, namba inafuata orodha, na herufi ndogo huonyesha kwamba hiki ni kipande cha siwa lililokatika tena. Eneo lake lilikuwa kama kilomita za mraba 4,000. Unguja na Pemba ukiziunganisha hazilifikii. Unene wake ulikuwa karibu mita 400, na huo ndio uliolifunga miguu, maana tumbo liligusa sakafu ya bahari, siwa likakwama hapo kwa zaidi ya miaka 30. Dola iliyolijengea kituo ikasambaratika, bendera zikabadilishwa, siwa lipo palepale.

Ninaanza na A23a kwa kuwa siwa barafu, kwa wengi wetu, ni kitu cha kugongwa: meli, usiku, filamu yenye machozi. Sura hii inaliona kama chombo cha kubebea. Limepakia maji matamu, baridi, mawe, vumbi lenye chuma, na hewa ya zamani sana. Shehena hiyo haishushwi lilikopakia. Hushushwa maelfu ya kilomita mbele, kwa watu na viumbe ambao hawakuagiza chochote.

Tuanze na upakiaji. Siwa barafu halitokani na bahari kuganda. Maji ya bahari yakiganda hufanya utandu wa mita chache tu, nao una chumvichumvi. Siwa hutokana na theluji iliyoanguka nchi kavu, mahali ambapo kiangazi hakiwezi kuimaliza theluji ya kipupwe. Tabaka la mwaka huu hulala juu ya la mwaka jana, na yale ya chini hubanwa. Chembe za theluji huvunjika, hushikana, hukua kuwa fuwele, na hewa iliyokuwa kati yake hufungiwa ndani ya viputo vidogo. Kwenye kina cha mita 60 hadi 100 hivi, kazi imekwisha: hapo pana barafu ngumu. Katika bara la Antaktika barafu hiyo ina unene wa wastani wa takriban kilomita mbili. Wanasayansi wa Ulaya waliotoboa pale Dome C walipata viputo vyenye hewa ya miaka 800,000 iliyopita.

Barafu yenye unene huo haitulii. Uzito wake wenyewe huisukuma kuteremka, polepole sana katikati ya bara na kwa kasi zaidi kwenye mabonde yanayoelekea baharini. Mto huo wa barafu huitwa barafuto. Sisi nasi tunazo barafuto, juu ya Kibo, juu ya Mlima Kenya na juu ya Ruwenzori, ila zetu hazina bahari ya kuingia. Ramani ya Kibo ya mwaka 1912 ilionyesha kilomita za mraba 12 hivi za barafu. Kufikia 2011 zilibaki chini ya mbili. Ile ya Kibo husinyaa ilipo, na sehemu yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Ya Antaktika na Greenland hufika ufukweni, hujitokeza juu ya maji, na hapo bahari huanza kuichezea: maji yakijaa inainuliwa, yakipwa inashushwa, chini inaliwa na maji yenye joto kidogo. Nyufa hukua kwa miaka. Kisha siku moja pande zima huachana na mama yake.

Kwa nini lielee? Vitu vingi vikiganda husinyaa na kuwa vizito zaidi kwa ujazo uleule. Maji hukaidi. Molekuli zake zikiganda hujipanga katika fuwele zenye nafasi tupu katikati, kwa hiyo barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji yaliyoifanya. Ndiyo maana chupa iliyojazwa maji pomoni ikisahauliwa kwenye friza hupasuka. Mita moja ya ujazo ya barafu safi ina kilo 917. Ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi. Archimedes alikwisha eleza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake. Gawanya 917 kwa 1,025, unapata karibu tisa ya kumi. Hiyo ndiyo sehemu iliyo chini ya maji.

Hapa nina neno na ile picha inayopendwa sana kwenye semina za uongozi: kilele kidogo juu ya maji, na chini yake jabali refu lililosimama wima kama jino. Picha hiyo ilitengenezwa kwa kuunganisha picha tofauti. Pande refu la namna hiyo haliwezi kusimama. Lingelala ubavu mara moja. Masiwa halisi ya Antaktika mengi ni bapa kama meza, mapana kuliko kina chake. Yale yaliyochakaa hupinduka ghafla, kwa sababu maji ya chini huyatafuna mpaka uzito unahama. Ndiyo maana manahodha wazoefu huyakaa mbali hata bahari ikiwa shwari.

Hesabu hiyo ya Archimedes inajibu pia swali linaloulizwa kila mara. Siwa likiyeyuka halipandishi bahari kwa kiasi cha kutajika, kwa kuwa nafasi yake lilikwisha ichukua siku lilipoanza kuelea. Bahari hupanda pale barafu ya nchi kavu inapoingia majini. Mabamba yanayoelea ukingoni mwa Antaktika ndiyo yanayozizuia barafuto za nyuma. Mwanzoni mwa 2002, bamba la Larsen B, kilomita za mraba 3,250 hivi, lilisambaratika katika muda wa wiki chache, na barafuto zilizokuwa nyuma yake zikaongeza kasi. Halafu kuna jambo ambalo watu wa pwani yetu hawalisikii mara nyingi. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba mvutano wake huyavuta maji ya bahari yaizunguke. Ikipungua, mvutano hulegea, na maji hayo huondoka. Karibu na Greenland bahari hushuka; mbali, zikiwemo bahari za tropiki, hupanda zaidi ya wastani wa dunia. Kwa hiyo barafu inayoyeyuka mbele ya macho ya mvuvi wa Greenland inaongeza maji kwenye fukwe za Lamu kuliko kwenye fukwe zake yeye.

Greenland ndiko lilikotoka siwa mashuhuri kuliko yote. Kwenye pwani ya magharibi, karibu na mji wa Ilulissat, kuna barafuto iitwayo Sermeq Kujalleq ambayo katika kiangazi cha 2012 ilipimwa ikienda zaidi ya mita 40 kwa siku. Mapande yake humegukia kwenye ghuba nyembamba yenye kizingiti mlangoni, na makubwa hukwama hapo mpaka yapungue au yasukumwe na yanayokuja nyuma. Yakishatoka, mkondo huyapeleka kwanza kaskazini, kisha huyazungusha hadi upande wa Kanada na kuyashusha kusini na Mkondo wa Labrador. Safari hiyo huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na mengi hufia njiani. Lililogongwa na Titanic usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 huenda lilitoka huko. Meli ilikuwa ikienda kwa kasi ya noti 22 hivi, maonyo ya barafu yalikuwa yamefika kwa redio, na bahari ilikuwa imetulia tuli. Utulivu huo ulikuwa balaa, kwani pasipo mawimbi hapakuwa na povu jeupe la kulionyesha shina la siwa gizani. Watu wapatao 1,500 walikufa.

Matokeo yake yalikuwa mkutano wa kimataifa na, kuanzia 1914, doria ya kudumu ya barafu kusini mashariki mwa Newfoundland, inayoendeshwa na walinzi wa pwani wa Marekani kwa gharama ya mataifa mbalimbali. Doria hiyo huhesabu masiwa yanayovuka latitudo ya 48 Kaskazini. Mwaka 1966 haikuhesabu hata moja. Mwaka 1984 ilihesabu zaidi ya 2,000. Hakuna ratiba ya kutegemea. Kati ya 1959 na 1960 walijaribu njia za kuyamaliza: waliyapiga mabomu, wakayamwagia masizi ili yafyonze jua. Masiwa hayakujali. Na nje ya eneo la doria, bahari iliendelea kudai. Tarehe 30 Januari 1959 meli ya Denmark, Hans Hedtoft, iliyojengwa maalumu kwa bahari ya barafu na ikiwa inarudi kutoka safari yake ya kwanza, iligonga siwa karibu na ncha ya kusini ya Greenland. Ilikuwa na watu 95. Kilichopatikana ni boya moja la kujiokolea, lililosukumwa na maji hadi Iceland miezi kadhaa baadaye.

Turudi kusini, kwenye shehena. Barafuto inapojikokota juu ya miamba husaga mawe na kuokota vumbi, na ndani ya vumbi hilo kuna chuma. Bahari ya Kusini ina virutubisho vingi lakini ina uhaba wa chuma, na bila chuma mimea midogo ya majini haistawi. Siwa likiyeyuka linanyunyiza kile hasa kilichokosekana. Mwaka 2016 watafiti waliotumia picha za setilaiti walionyesha kwamba nyuma ya masiwa makubwa kuna mkia wa bahari iliyostawi, wenye urefu wa mamia ya kilomita, unaodumu zaidi ya mwezi baada ya siwa kupita. Mimea hiyo huliwa na krili, jamii ya uduvi, na krili huliwa na pengwini, sili na nyangumi. Sehemu ya mimea hufa na kuzama pamoja na kaboni iliyoifyonza. Siwa barafu, basi, ni mbolea.

Mbolea yenye ghasia, lakini. Siwa A68 lilimeguka kutoka bamba la Larsen C mwezi Julai 2017, likiwa na kilomita za mraba 5,800. Mwishoni mwa 2020 kipande chake kikuu kilikuwa kinaelekea kisiwa cha South Georgia, ambako pengwini na sili wengi huzaliana. Hofu ilikuwa kwamba likikwama karibu na ufuko, wazazi watalazimika kulizunguka kutafuta chakula huku makinda yakisubiri na njaa. Lilisita, likavunjika, likayeyuka. Vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba katika miezi mitatu tu lilimwaga tani bilioni 152 za maji matamu kuzunguka kisiwa hicho. A23a nalo liling'oka mwaka 2020, likapanda kaskazini, na mwaka 2024 likanaswa karibu na visiwa vya South Orkney na kizunguzungu cha maji kinachojengeka juu ya mlima uliozama, kikalisokota papo hapo kwa miezi, kama nyuzi 15 kila siku. Lilipojinasua lilikwenda kukwama tena nje ya South Georgia, Machi 2025. Kufikia Septemba mwaka huo lilikuwa limebaki chini ya nusu.

Tani bilioni 152 za maji matamu, zimemwagwa baharini bure. Ukiwa unaishi jangwani, takwimu hiyo haikuachi ulale. Mwaka 1977 Mwanamfalme Mohammed al-Faisal wa Saudi Arabia alidhamini mkutano katika Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, kujadili namna ya kukokota masiwa barafu hadi nchi zenye kiu. Pande dogo lililetwa kutoka Alaska ili wajumbe walione. Likaishia kwenye glasi zao za vinywaji. Mwaka 2017 mpango ulifufuka huko Falme za Kiarabu: siwa livutwe kutoka karibu na kisiwa cha Heard, kusini mwa Bahari ya Hindi, hadi Fujairah. Angalia walivyoichagua Fujairah. Mji huo uko nje ya mlango wa Hormuz, upande wa Ghuba ya Omani yenye kina kirefu. Ghuba ya ndani, yenye Dubai na Abu Dhabi, ina kina cha wastani cha mita 35 hivi. Siwa lenye tumbo la mita 200 lisingeingia kamwe. Mwaka 2018, Cape Town ilipokaribia kukaukiwa mabomba, mwokoaji wa meli Nick Sloane naye alitoa mpango wake. Hakuna siwa lililofika kokote. Nami sioni likifika. Kukokota mamilioni ya tani kupitia maji ya nyuzi 25 na zaidi, bila ya mzigo kupasuka wala kupinduka, na kisha kupata namna ya kuushusha, ni kazi inayopendeza zaidi kwenye karatasi.

Lakini masiwa barafu yamekwisha kuigusa Afrika Mashariki, tena kwa nguvu.

Mwaka 1988 mwanajiolojia wa Ujerumani, Hartmut Heinrich, alichapisha uchunguzi wa matope yaliyotolewa kwenye sakafu ya Atlantiki ya Kaskazini. Kwa kawaida matope ya huko yamejaa maganda ya viumbe wadogo. Alichokiona ni matabaka yanayojirudia, yenye maganda machache na punje nyingi za mawe. Katikati ya bahari mawe hayafiki kwa upepo wala kwa mto. Yaliletwa na barafu iliyoelea, ikayeyuka, ikayaangusha. Mengi ni ya asili ya eneo la Ghuba ya Hudson, Kanada. Katika zama za mwisho za barafu, Kanada ilifunikwa na ganda la barafu lenye unene wa kilomita kadhaa. Kila baada ya miaka elfu kadhaa sehemu yake iliporomoka kupitia Mlango wa Hudson na kuachia masiwa yasiyohesabika baharini.

Madhara yake hayakuwa ya mawe bali ya maji matamu. Katika Atlantiki, maji ya chumvi yenye joto hupanda kutoka tropiki, hupoa huko kaskazini, huwa mazito na kuzama, na kuzama kwake kunavuta mengine nyuma yake. Maji matamu ni mepesi. Yakitanda juu, hayazami, na mzunguko mzima hulegea. Joto lililokuwa likisafirishwa kaskazini hubaki kusini, na ukanda wa mvua wa tropiki husogea na kudhoofika. Leo Greenland hupoteza kwa wastani zaidi ya tani bilioni 200 za barafu kila mwaka, na tangu 2004 kuna vyombo vilivyotegwa kukatiza Atlantiki, kati ya pwani ya Marekani na ya Afrika, ili kuupima mkondo huohuo.

Mmwagiko mmoja mkubwa ulitokea kati ya miaka 17,000 na 16,000 iliyopita. Baridi ya zama zile ilikuwa tayari imepunguza mvua za Afrika. Sasa ukame ukakithiri. Ushahidi upo chini ya Ziwa Victoria. Ziwa hilo ni pana, lakini kina chake hakizidi sana mita 80, na takriban asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayoliangukia moja kwa moja. Mvua ikikatika halina akiba. Watafiti waliotoboa sakafu yake miaka ya 1990 walikuta, chini ya matope ya ziwa, udongo wa nchi kavu, uliopasuka kwa jua na wenye mabaki ya vijizizi vya nyasi. Mahali ambapo leo meli za Mwanza na Bukoba hupita, palikuwa uwanda. Ziwa Tana la Ethiopia nalo lilikauka. Mto uliotoka Jinja haukuwa na cha kubeba, na Nile ya chini ikakosa mchango wa Victoria.

Maji yalirudi kama miaka 14,500 iliyopita. Pamoja nayo walirudi samaki wachache waliokuwa wamejihifadhi mitoni na kwenye madimbwi, nao wakakuta ziwa zima tupu: miamba bila mwenyewe, vilindi bila mwenyewe, mwani usio na mlaji. Wazao wao ndio furu, samaki wadogo ambao wavuvi wa ziwa waliwavua kwa miaka mingi kabla ya sangara kupandikizwa katika miaka ya 1950 na kuwafyeka. Kulikuwa na aina zaidi ya 500: walao konokono, walao magamba ya wenzao, walao mayai, wakwanguao mwani. Wanabiolojia huwataja miongoni mwa mifano ya haraka kabisa ya wanyama wenye uti wa mgongo kugawanyika kuwa spishi nyingi, na umri wa mfano huo huuhesabu kuanzia pale ziwa lilipojaa upya.